Bahari Kwanza

Mjini kwao hakuna asiyemjua Mama Rangi. Milango ya maduka, vibao vya vinyozi, kuta za zahanati, vyote vimepita mikononi mwake, na ukitaka kujua wiki hii ana kazi gani, tazama vidole vyake. Ni mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mdomo usiolala, na kwa rangi ya buluu hana mpinzani. Bahari anaichora mpaka mtu atamani kuvua viatu. Ila bahari aliyoizoea ni ile ya kopo. Ile nyingine, iliyo chini ya kilima, hajawahi kuitia hata kidole gumba cha mguu.

Woga huo ulimletea balaa mwaka huu. Binti yake wa pekee ameolewa na fundi friji wa ng'ambo ya ghuba, nchi nyingine kabisa. Harusini Mama Rangi alikwenda kwa basi, akaizunguka ghuba nzima siku mbili, akashushwa mpakani kugongewa muhuri huku kiuno kikimlilia, na aliporudi akaapa kwamba safari ile hairudii. Feri ipo, inavuka kila asubuhi, lakini feri ina maji chini yake. Sasa binti alikuwa na mimba ya kwanza, siku zimekaribia, na kila akipiga simu alikuwa na ombi moja tu, mama awe naye atakapojifungua. Mama Rangi alimjibu kwamba atakuja, kisha akabadilisha mazungumzo. Binti akaanza kupunguza simu. Hilo lilimuuma Mama Rangi kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Katikati ya hayo akapata kazi ya shule. Mwalimu wa jiografia alitaka ramani ya nchi kwenye ukuta wa nyuma, ule mrefu unaotazama ghuba. Akamkabidhi karatasi ya kuigia, akaenda zake semina wiki nzima.

Mama Rangi ana kanuni yake, bahari kwanza. Ukishatia buluu panapostahili, husema, nchi inabaki yenyewe, huna haja ya kuitafuta. Akapanda ngazi, akaanza. Karatasi ilionyesha nchi yao peke yake, pembeni kote peupe, na kwa Mama Rangi peupe ni maji. Mawazo yalikuwa kwa binti, mkono ukaendelea na kazi.

Mwalimu aliporudi alisimama uwanjani, begi bado begani. Nchi yao ilikuwa imekaa katikati ya ukuta, imenawiri, maji pande zote. Majirani wote walikuwa wamezama.

"Mama," akasema taratibu, "umetufanya kisiwa. Na hapo ulipomwaga maji, si ndipo kwa mkweo?"

Mama Rangi alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha yakaendelea kutoka. Alikuwa amemzamisha mwanawe kwa brashi yake mwenyewe.

Mwalimu akachukua chaki ili awarudishe majirani. Akaanzia pwani yao, akaingia ndani ya ghuba, akazunguka, akatokea upande wa pili bila kuinua mkono. Mama Rangi akauliza mpaka uko wapi basi, mbona pwani ni ile ile moja. Mwalimu akatia alama ndogo ndani kabisa ya ghuba, halafu akavuta nukta nukta katikati ya maji hadi bahari kuu. Huku kwetu, akasema, kule kwao, na samaki hawagongewi muhuri. Pangekuwa na mlima hapo katikati, hata taa zao tusingeziona.

Mchana ule Mama Rangi akatia kijani. Akaweka doa jekundu la mji wao, na jingine la mji wa binti. Kisha akajaribu kidole gumba juu yake, kikafunika yote mawili. Akakiondoa, akakirudisha. Ni hapo tu, na yeye amemnyima mtoto wake miezi yote hiyo.

Kesho yake asubuhi alipanda feri, ovaroli mwilini, asijipe nafasi ya kughairi. Akakumbatia nguzo, akafumba macho. Baada ya muda akamwuliza baharia mpaka bado uko mbali, maana alitaka walau auone.

"Tumeshaupita, mama. Ulikuwa umelala."

"Sikulala," akasema Mama Rangi. "Nilikuwa naogopa."

Binti alipofungua mlango walikumbatiana kiubavu ubavu, tumbo limeziba njia, wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Kisha akamshika mama mkono, akampeleka dirishani. Ng'ambo ya maji, juu ya kilima, ukuta wa shule ulionekana, mdogo, unang'aa.

"Wiki nzima nilikuwa nakutazama, mama," binti akasema. "Buluu inaongezeka tu kila siku, hadi ikapafunika huku kwetu, nikasema huyu kanikasirikia, haji tena. Jana jioni nikaona kijani, nikakutandikia kitanda."