Mbunge wa Mkwe Wangu

Paa la jikoni la shule niliyokuwa nikipikia, kabla sijafikiria kuja Uarabuni, liling'olewa na upepo siku moja ya Jumatano. Naijua ilikuwa Jumatano kwa sababu Jumatano ndiyo tulitia viazi kwenye githeri. Bati moja lilikwenda kuangukia choo cha walimu, na kulikuwa na mwalimu ndani, akatoka ameshika suruali kwa mikono miwili. Huyo mwalimu baadaye alioa kwetu, lakini tumwache.

Nilipika kwenye mvua karibu muhula mzima. Mwalimu mkuu alimwandikia mbunge, akaandika tena, kimya. Mwishowe mama mmoja muuza mboga, mwenye watoto pale shuleni, akatucheka. Akasema mbunge haandikiwi, mbunge anaendewa. Tukaenda alfajiri, tukaketi kwenye nyasi mbele ya nyumba yake pamoja na watu wa karo, watu wa matanga na mzee mmoja mwenye kesi ya ng'ombe. Tukapewa chai na mkate. Mheshimiwa akatoka na malapa, taulo shingoni, akasikiliza kila mmoja. Hakuwa mtu mwema, nisikudanganye, alikuwa mwizi na hata watoto walijua. Lakini mabati yalikuja.

Mimi niliacha shule darasa la tatu. Yote ninayoyajua kuhusu serikali niliyasoma pale kwenye nyasi: serikali ni mtu, ana mlango, na asubuhi lazima atoke. Nikaja nayo hivyo hivyo mpaka Riyadh.

Huku mimi ni haris, mlinzi wa jengo la nyumba za kupanga mtaa wa Al-Sulimaniyah. Chumba changu kiko chini ya ngazi. Kazi yenyewe ni mlango, takataka, gari la maji, na asubuhi kuosha magari ya wapangaji, maana bila hayo magari mshahara wa kafili, tajiri aliyenileta huku, ni wa kununulia chumvi. Na ndivyo nilivyokutana na mkwe wangu. Alikuwa mpangaji wa ghorofa ya pili, fundi wa mashine za hospitali, Mmarekani kwenye makaratasi. Asubuhi moja naosha gari lake, nikamsikia kwenye simu anamgombeza ndugu yake kwa Kiluhya cha kwetu kabisa. Nilimwagia viatu vyangu maji.

Alikwenda Amerika akiwa kijana, kwa ile bahati nasibu ya karatasi, akakaa mpaka akaapishwa kuwa raia. Alinisimulia siku aliyopiga kura mara ya kwanza: foleni, theluji, na mama mmoja mzee aliyempa kibandiko cha kubandika kwenye koti. Alilia, alisema. Kibandiko chenyewe alikuwa nacho hadi huku.

Binti yangu alikuwa Jeddah, kazi za ndani kwa madam mmoja wa Al-Baghdadiyah. Fundi alipokwenda Jeddah kikazi nilimpa namba yake ampelekee dawa ya mgongo, basi, nikadhani yameishia kwenye dawa. Miezi ikapita. Siku moja alfajiri akashuka, akaninyang'anya kitambaa mkononi bila kusema neno, akaanza kuosha gari mwenyewe. Nilielewa. Baba mkwe haoshi gari la mkwe. Tangu siku hiyo tulikuwa tunaosha pamoja, mimi magari ya wengine, yeye lake, na Mwarabu wa ghorofa ya nne alifikiri nimeajiri msaidizi.

Walifunga ndoa nyumbani wakati wa likizo, ng'ombe wakaja, kila kitu. Kisha kila mtu akarudi kwa kazi yake, na tukaanza kungojea karatasi za binti yangu za kwenda Amerika na mumewe.

Hapo ndipo nilipoijua siasa ya kule, mimi ambaye hata siasa ya kaunti yetu inanichosha. Kila Ijumaa tulikuwa tunakwenda Al-Murabba, kuna kibanda cha chai cha madereva wa Kenya, na mkwe wangu alitusomea habari kwenye simu. Wameingia hawa, wamebadilisha masharti. Wametoka hawa, wale wamebadilisha tena, faili linaanza upya. Halafu wabunge wao wakagombana juu ya bajeti, na serikali ikafungwa. Nilimuuliza, imefungwa namna gani, kama duka? Akasema ndiyo, kama duka. Ilipofunguliwa, likaja tangazo kwamba karatasi za watu wa nchi fulani zisimamishwe kwanza, zichunguzwe. Mpaka lini? Haikuandikwa.

Madereva hawakumhurumia. Dereva mmoja wa Kakamega, mtu wa mdomo sana, alikuwa akimwona tu anaanza: "Mmarekani, serikali yenu imeamka, ama bado iko likizo?"

Siku nyingine akamwambia, "Wewe una pasi ya bluu na bibi yako anaosha masufuria Jeddah, na mimi nina pasi ya Kenya na wangu anaosha masufuria Jeddah. Sasa tofauti yetu ni rangi ya kitabu?"

Watu wakacheka, yeye pia akacheka. Lakini nilimwona akigeuza kikombe kwenye kisahani, akigeuza tu.

Alikuwa akimwandikia mbunge wake. Mbunge wa kule kwao, sehemu anakopigia kura kwa posta, maana hajawahi kukosa hata moja. Majibu yalikuja haraka, shukrani nyingi, maoni yako ni muhimu kwetu. Alinisomea la kwanza kwa furaha. La tatu lilikuwa lile lile la kwanza, hakulisoma kwa sauti.

Na mkataba wake wa kazi ulikuwa unaisha. Gari alikuwa ameshauza. Mwezi uliofuata alikuwa lazima atoke Saudia, na swali lilikuwa moja tu nyumbani kwetu sote: atatoka na mke wake au atatoka peke yake.

Basi akasoma mahali kwamba mbunge huyo huyo, na wenzake kadhaa, wanakuja Jeddah kwa mikutano. Hoteli yenyewe aliijua, aliwahi kutengeneza mashine zahanati ya jirani. Nikamwambia yale ya mabati. Nikamwambia tunaenda. Akasema kwao haifanywi hivyo. Nikamuuliza huko kuandika kumefanya nini. Akaenda kupiga pasi shati.

Tulipanda basi, safari ya kuchosha, mimi na koti langu la harusi. Binti yangu alimbembeleza madam akapewa siku ile ya Ijumaa. Tuliketi kwenye ukumbi wa hoteli, na kwa sababu huku huwezi kukaa kwenye nyasi mbele ya mtu, tulinunua kahawa ya bei mbaya ili tuwe wageni. Binti yangu alikuwa amevaa abaya mpya. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, nikisimama nimpe mkono au nisimpe?" Nikamwambia ampe, mtu wa kwao anapenda mkono.

Mbunge alishuka na watu wake asubuhi. Mkwe wangu akasimama, akajitambulisha, akataja mtaa wake. Na nikwambie ukweli, yule mtu alisimama. Alifurahi. Alimshika mkono kwa mikono miwili, wakazungumza habari za duka moja la mikate la huko kwao ambalo kumbe limefungwa. Akanisalimu mimi, akamsalimu binti yangu. Mama mmoja msaidizi wake akapiga picha, sisi wanne, tumesimama vizuri.

Kisha mkwe wangu akamweleza. Kiingereza changu ni cha mlangoni, lakini hicho nilikielewa. Alimwambia, "Huyu ndiye mke wangu. Siombi upendeleo. Naomba mtu mmoja afungue faili lake alisome."

Mbunge akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema inamuuma. Akasema ni wale wa upande wa pili, hao ndio wameziba kila kitu, na kwamba chama chake kikiongezewa viti uchaguzi ujao mambo yatakwenda. Yule mama akatuandikia namba ya simu ya ofisi. Na mbunge akaingia kwenye gari.

Nilimwambia mkwe wangu, mbona hukumwambia yeye ndiye mbunge. Akasema, "Baba, halas, yaishe."

Alasiri tulikwenda kula Al-Baghdadiyah, mkahawa mdogo wa Wayemeni, sehemu ya familia, karibu na kwa madam ili binti yangu asichelewe. Mimi bado nilikuwa na moyo. Nilikuwa nawaambia hata wa kwetu alituambia atafikiria, na bado bati lilikuja. Nilizungumza sana siku ile. Mkwe wangu alikuwa anatazama simu.

Picha ilikuwa imeshawekwa kwenye ukurasa wa mbunge. Alitusomea maneno ya chini: kwamba amekutana ng'ambo na mwananchi mchapakazi wa kwao, anayeunga mkono kazi yake ya kuilinda nchi. Binti yangu akachukua simu, akaiangalia, akaikuza kwa vidole, akaipunguza.

"Mimi siko," akasema.

Kweli hakuwepo. Mimi pia sikuwepo. Walikuwa wawili tu, na pembeni kipande cheusi cha mkono wa abaya.

"Wameikata tu itoshee," mkwe wangu akasema.

"Itoshee nini?"

Wali ukaletwa, hakuna aliyeugusa ila mimi, kwa sababu ya aibu mkono unatafuta kazi. Binti yangu akaanza kumwambia taratibu, kama anavyomwambia mtoto wa madam, kwamba waache. Warudi nyumbani. Hospitali ziko Kisumu, mashine zinaharibika huko pia, baba ana kipande cha ardhi kando ya barabara. Nikasema ndiyo, kipo, mtu akitaka anajenga hata kesho.

Alisikiliza yote. Kisha akasema, "Mimi niliwaamini wale watu."

"Na mimi nilikuamini wewe," binti yangu akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa amemshika mkono wa shati, pale kwenye kiwiko.

Akautoa mkono polepole. Akatazama saa, akasema kule ndiyo asubuhi, ofisi ya mbunge imefunguliwa, ataijaribu ile namba, humu ndani mtandao mafi, hakuna. Akavuta kiti chake akakirudisha chini ya meza. Nilimwona kupitia kioo akipita duka la dawa, simu mkononi, hajaiweka sikioni. Binti yangu alifunika sahani ya mumewe kwa mkate ili wali usipoe. Mkwe wangu akafika kwenye kona, akasubiri gari moja lipite, akavuka, na hakurudi.