Om Niliyoilaza Mlangoni

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Embu, nyapara alinipa ndoo na kusema, "Wewe uliyemaliza sekondari, kasome maji yako wapi." Nilitaka kuwa fundi wa terazo, ile sakafu ya saruji na chembe za marumaru inayosagwa kwa mashine hadi ing'ae. Nilitaka kujua yote kabla ya chakula cha mchana.

Baada ya Embu nilipelekwa Gachoka, kisha Meru, chini ya nyapara mwingine, mtu wa Ruiri. Huku kwetu mwenye nyumba hupenda herufi za jina lake zichorwe kwa shaba sakafuni, pale unapovuka mlango. Kwa hiyo mfanyabiashara mmoja Mhindu alipotupa mchoro wa Om, alama ya dini yake niliyoidhani herufi za jina, na kusema ni wa mlangoni, sikuuliza. Kumbe alitaka iwe juu ya mlango. Mimi nilikunja shaba, nikamwaga saruji, nikasaga. Ilitoka safi kabisa.

Siku ya kuhamia, mama yake alivua viatu, akatazama chini, akarudi nyuma.

"Nani amelaza hii hapa?"

"Ni mimi, Mama. Si ni jina lenu?"

"Hii ni sauti takatifu. Siwezi kuikanyaga wala kuiruka."

"Basi pitia jikoni."

"Niingie nyumbani kwangu kama mwizi?"

Akaketi nje na mizigo yake. Nyapara akaninong'oneza, "Mtu wa Embu, toa hiyo kitu kabla sijakutoa wewe."

Mama yule aliniomba niikate pembeni na kuiinua nzima, iwekwe ukutani. Hiyo ni kazi ya tindo ndogo, ya kutwa nzima. Huku nikigonga, yeye alinieleza kwa kidole. Mkunjo mkubwa wa chini ni kuwa macho. Wa juu ni usingizi mzito. Unaotoka ubavuni ni ndoto. Kile kilicho kama mwezi mchanga ni pazia linalotudanganya, na nukta ya juu kabisa ni utulivu ulio nje ya hayo yote. Kisha akaitamka: a kutoka kooni, u ikibingiria mdomoni, m midomo ikifungwa.

"Sasa ngoja," akasema. "Kimya kinachofuata nacho ni sehemu yake."

"Kanisani kwetu tunamaliza na amina."

"Halafu mnanyamaza?"

"Tunatoka, Mama."

Akacheka sana. Lakini jua lilikuwa linashuka na tindo ilikwenda polepole mno. Nikachukua nyundo kubwa ili niilegeze kwa pigo moja. Om ikapasuka vipande.

Hakunigombeza. Aliviokota kwenye mtandio wake, akaniambia nimsindikize mtoni, kwa sababu kitu kama hicho hakitupwi kwenye taka. Akavizamisha kimoja kimoja. Cha mwisho akanipa mimi. "Tamka, kisha ungoje."

Nilitamka, nikakiachilia, nikageuka kupanda mlima. Nilipotazama nyuma alikuwa bado amesimama kando ya maji, midomo imefungwa.

"Mama, nyapara ananiita!" nikapaza sauti.

Jioni hiyo aliingia nyumbani kwake, akipita juu ya shimo nililoacha. Nami nikahamishiwa kazi nyingine, na nyingine tena.

Sasa nimestaafu Kianjokoma. Vijana huniuliza kuhusu mashine na mchanganyiko, nami huwajibu. Usingizi ukinikataa, huitamka ile sauti polepole mpaka midomo ifunge, na kabla kimya hakijaingia nishasimama kutafuta viatu. Siku ile mtoni hakuna mtu aliyekuwa ameniita.