Vikapu Nilivyomfungia Ngazi Sebuleni Kwangu

Msimu uliopita kuna mchezaji mmoja wa kikapu alikuwa akifunga kila Jumamosi sebuleni kwangu, huku mwenyewe kalala kwao, goti limefungwa plasta.

Kila mpenzi wa kikapu alijua kwamba Ngazi kaumia na hatacheza tena.

Mume wangu tu ndiye hakujua. Na aliyemficha ni mimi.

Niacheni nisimulie taratibu. Nikiharakisha nitajipendelea.

Huyo mzee wangu ni seremala. Kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kutunza sakafu ya mbao ya ule ukumbi mkubwa wanamochezea ligi ya kulipwa. Ubao ukilegea, anaitwa. Anapiga magoti, anagonga kwa nyundo, anasikiliza, anagonga tena. Mechi ikianza walimwachia kiti nyuma ya benchi, akawa anaangalia mbao zake zinavyokanyagwa na watu warefu.

Hapo ndipo kikapu kilipomwingia damuni. Timu yake Zambarau, wanaitwa hivyo kwa rangi ya jezi. Na ndani ya Zambarau, mtu wake alikuwa Ngazi.

Jina hilo alipewa kwa sababu akiruka unamwona kama anapanda, hatua baada ya hatua, halafu anakaa huko juu kidogo kabla ya kukumbuka kushuka.

Macho ya mzee yalianza na ukungu pembeni. Ukungu ukasogea katikati. Presha ya macho, wakasema, na tulikuwa tumechelewa.

Televisheni yetu nayo ikaungua spika siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Picha ikabaki, sauti ikaenda.

Basi nyumba ikawa na televisheni bubu, mwanamume asiyeona, na mimi katikati namenya viazi.

"Bibie," akaniambia, "sasa wewe ndiye spika."

"Mimi hata sijui kwa nini wanaudunda huo mpira. Si wauchukue tu waende nao?"

"Nitakufundisha."

Akanifundisha. Mwanzoni nilimchosha. Nilimwambia kuna mmoja kavaa kijivu, anakimbia sana lakini wenzake hawampi pasi, naona wamemtenga.

"Ana filimbi?"

"Anayo."

"Huyo ni refa, mama."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini pole pole nikaiva. Nikajua mtupo wa pointi tatu, nikajua mitupo huru, nikajua nani kamfanyia nani hila chini ya ubao. Mzee akawa anakaa na kikombe chake cha chai, uso kauelekeza kwangu, siyo kwenye televisheni.

Nami nilikuwa namwambia kweli tupu. Mpaka Jumamosi ile.

Asubuhi yake tulikwenda kwa daktari. Daktari hakuzunguka. Alimshika mzee bega akamwambia, baba, macho haya hayatarudi, tusidanganyane.

Tukarudi nyumbani, mzee akakaa kwenye kiti chake, akakaa hivyo hivyo mpaka jioni.

Halafu akasema, "Washa, tumwone Ngazi. Mimi nimekaa chini, angalau kuna mtu bado anaruka."

Nikawasha.

Robo ya nne, Ngazi akapanda kama kawaida yake. Akashuka vibaya. Goti likaenda upande ambao goti haliendi.

Kisu kikanibaki mkononi na kiazi nusu.

"Nini?" mzee akauliza. Pumzi yangu aliisikia.

"Kasukumwa. Kapewa mitupo miwili."

Hiyo ilikuwa kweli. Madaktari wa timu walikuja mbio na machela, Ngazi akawakatalia kwa kidole. Akasimama kwa mguu mmoja. Ule mwingine unaning'inia kama mkono wa shati kwenye kamba. Akatupa wa kwanza, ukaingia. Akayumba, akajishika, akatupa wa pili.

"Vipi?"

"Kaingiza yote."

"Nilikwambia." Mzee akapiga paja, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Sasa sikieni nilichokiona mimi.

Timu ile nyingine ilikuwa na jitu moja linaitwa Gogo. Gogo na Ngazi walikuwa paka na panya. Miaka yote wanasukumana, wanatukanana, marefa wanawatenganisha. Basi Gogo ndiye aliyekuja. Akainama, akambeba Ngazi mikononi kama mtoto aliyelala, akatembea naye uwanja mzima kuelekea mlangoni. Ukumbi wote ukasimama, wa upande huu na wa upande ule. Gogo analia, machozi hayafuti, maana mikono imejaa.

Naona yote hayo bila sauti. Machozi yananitoka mimi juu ya viazi.

"Sasa?" mzee akauliza.

Nikamwangalia. Lile tabasamu lilikuwa bado lipo.

"Sasa anarudi kulinda," nikasema.

Maneno matatu hayo ndiyo yaliyonifikisha pabaya.

Jumamosi iliyofuata akauliza, "Ngazi kaanza?"

Nikasema kaanza. Nilijiambia leo tu, wiki ijayo nitamweleza, akishatulia.

Wiki ijayo nikamfungia pointi nyingi zaidi.

Mtaniuliza hakuna mtu wa kumwambia? Redioni kwetu wao ni kandanda tu. Na mzee tangu apofuke alikuwa hatoki, aliona haya kushikwa mkono barabarani. Binti yetu hajui tofauti ya kikapu na kapu la sokoni.

Basi nikawa napiga chuku mpaka chai inapoa. Kuna siku nilimfanya Ngazi atupe kutoka katikati ya uwanja, refa filimbi tayari mdomoni, mpira ukazunguka kwenye ringi kama mgeni asiyejua aingie au aage, kisha ukaingia. Kuna siku alimzuia Gogo hewani, akamnyang'anya mpira, akamrudishia kwa heshima kama anampa chenji. Mzee aliyaweka yote kichwani. Akiwa ananyoa ndevu anayarudia peke yake.

Zambarau ya kweli ilikuwa inachapwa kila wiki. Zambarau ya sebuleni kwangu ilikuwa inaongoza ligi.

Na niseme lililo ndani yangu. Nilianza kwa huruma, lakini baadaye nilikuwa nafurahia. Nilipenda ule uso ulivyokuwa ukinisubiri.

Siku moja nikamsikia chumbani anasali. Kawaombea watoto, kawaombea wajukuu, halafu akasema, na Ngazi, Mola, umlindie miguu yake.

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Binti akaleta fundi wa televisheni. Kijana ana spika mpya mkobani. Nikamkaribisha chai, akanywa, nikamwambia mwanangu, iache tu, baba kazoea sauti yangu.

"Ni kweli," mzee akasema. "Ya kwake ndiyo ninayoiamini."

Roho ilinisuta, lakini fundi nikamsindikiza mpaka nje, yeye na spika yake.

Msimu ukaisha. Nikashusha pumzi, nikaona nimevuka.

Siku moja mzee akasema, "Nipeleke kwa kinyozi. Nimekumbuka kelele za watu."

Nilitafuta sababu. Jua kali. Miguu inaniuma. Kinyozi atakuwa kafunga. Akavaa viatu, akakaa mlangoni kunisubiri.

Kwa kinyozi ndiko kwenye wapenzi wa kikapu. Kuna kinyozi mwenyewe, na kuna fundi viatu anayeshonea pale mlangoni, mdomo wake haujui breki. Wengine ni wateja. Tulipoingia walimpokea mzee kwa shangwe, wakamkalisha kwenye kiti, wakamfunga kitambaa shingoni. Halafu wakaendelea na ubishi wao, na ubishi wenyewe ulikuwa huu: tukio gani la kikapu mtu hatalisahau mpaka anaingia kaburini.

"Mimi fainali ile ya mvua," fundi viatu akasema, "paa linavuja, watu wanacheza wanateleza kama wamepakwa sabuni."

"Wewe hukuwepo. Ulihadithiwa," kinyozi akamjibu.

"Nilikuwepo. Uliza viatu vyangu."

Wakacheka. Mzee akainua mkono chini ya kitambaa.

"Ngojeni niwape la kwangu. Ngazi, msimu huu, anatupa kutoka katikati ya uwanja, filimbi iko mdomoni."

Mashine ya kunyolea ikazimwa.

Mzee akaendelea. Akawaeleza ringi, akawaeleza mpira ulivyozunguka kama mgeni. Neno kwa neno, ya kwangu yote. Alisimulia vizuri kuliko mimi.

"Mzee," fundi viatu akaanza, "Ngazi yupi huyo, maana Ngazi sisi tuna..."

Kinyozi alikuwa ananitazama kwenye kioo. Nikaweka kidole mdomoni. Nikatikisa kichwa, nikamwomba kwa macho.

Kinyozi akaelewa. "Ah, lile," akasema. "Lile lilikuwa balaa, mzee wangu."

"Balaa tupu," fundi viatu akadakia. "Na siku ile alipodaka mpira kwa meno je?"

Mtu mmoja kwenye benchi akaguna kwa kicheko, akajifanya anakohoa.

Nilitamani sakafu ipasuke. Mimi nilimdanganya mzee peke yangu, ndani ya nyumba yake, kwa mapenzi. Sasa kuna chumba kizima cha watu wenye macho wanakonyezana juu ya kichwa chake, na mlango nimewafungulia mimi.

Mzee alinyolewa, akashukuru, akatafuta mkono wangu.

Tulipofika nyumbani, kabla hajakaa, akauliza.

"Walikuwa wanamcheka nani? Mimi au wewe?"

Nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza. Goti. Plasta. Jumamosi zote. Nikamwambia tangu siku ya daktari Ngazi hajacheza tena, wala hatacheza, ameshatangaza.

Alisikiliza kasimama, mkono kwenye mgongo wa kiti.

"Ile mitupo miwili?"

"Ile ni ya kweli."

"Kwa mguu mmoja?"

"Kwa mguu mmoja."

Nikamsimulia Gogo. Nilimpa yote, hata machozi yasiyofutwa. Akaniambia rudia. Nikarudia. Machozi yakamshuka, kumbe macho yaliyokufa bado yanajua kulia.

"Gogo ndiye kambeba," akasema. "Juu ya mbao zangu."

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa, nakunywa chai."

Akazunguka kiti kwa vidole, akakaa.

"Siku ile niliambiwa sitaona tena. Kama ungeniambia kuna mwingine kaanguka siku hiyo hiyo, na akatupa kwanza ndipo akabebwa, unafikiri ningekufa?" Hakupaza sauti. Angepaza ningepona mapema. "Ulinihurumia, bibie. Ukanitoa nje ya ukumbi, ukafunga mlango."

Halafu akashika shati lake. "Hili ni rangi gani?"

"La bluu."

"La bluu kweli?"

Jamani, swali hilo lilinikata. Mimi ni macho yake, na sasa macho yenyewe yanaulizwa mara mbili.

Msimu mpya ulipoanza, mzee hakuniambia washa. Fundi viatu alikuja kumchukua, wakaenda kwa kinyozi, kwenye televisheni yenye sauti na watu wanaokatizana. Nikabaki na yangu. Niliiwasha, nikajikuta nasema peke yangu, huyu kapiga pasi, yule kakosa, na kiti mbele yangu kitupu.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Haya haikumzuia tena kushikwa mkono. Anayemshika tu siyo mimi.

Jumamosi moja akarudi anachangamka. Akakaa, akaomba chai.

"Leo umekosa, bibie. Zambarau wamewachakaza watu. Kijana mpya, yule mwenye mikono mirefu, kafunga kikapu cha mwisho filimbi inalia. Kinyozi kaangusha mashine."

Mimi mechi ile nilikuwa nimeiangalia mwanzo hadi mwisho. Zambarau walipigwa hadi kocha akavua koti, akajifunika nalo uso.

Nikasimama na birika mkononi. Nikafikiria wale watu kwa kinyozi. Wamemdanganya, nikasema moyoni, wamejifunza kwangu. Uso wake unang'aa vile vile nilivyoupenda. Ningenyamaza tu, ningemimina chai, ingepita.

Nikammiminia chai nusu kikombe, nikasimamisha birika.

"Baba," nikasema, "wamefungwa. Nimeona. Wamefungwa vibaya sana, na yule kijana mpya alitolewa mapema."

Akaweka kikombe chini, akitafuta meza kwa vidole.

"Najua," akasema. "Nilikuwa pale."

"Sasa mbona..."

"Nilikuwa nakupima."

Nikalia, hasira na nafuu vimechanganyika. Nikamwambia wewe mzee utaniua. Akasema hafi mtu kwa kupimwa, angekuwa anakufa yeye angekufa msimu uliopita.

Kisha akasogeza kiti, akauelekeza uso kwangu kama zamani.

"Pale kwa kinyozi wanapiga kelele wote pamoja, sijaelewa hata robo. Hebu nieleze walivyofungwa. Usiruke hata kimoja."

Nikamweleza, kikapu kwa kikapu, aibu kwa aibu. Mara nyingine ananikatiza, "Kweli?" Namwambia kweli. Bado ananiuliza mpaka leo, nami sichukii, maana ni mimi niliyemfundisha kuuliza.

Wanangu na wajukuu mnaosoma hapa, mkiwa na mtu anayeona kwa macho yenu, msimchagulie cha kuona. Mpeni goti lililovunjika pamoja na mtu aliyelibeba. Mimi nilimnyima mume wangu vyote viwili, nikadhani nimempa zawadi.