Wamefuta Jina Langu Ukutani

Leo asubuhi nimefika kibandani nikakuta jina langu limefutwa!

Mnaokula kwangu hapa Jebel mnaujua ule ukuta: "Kwa Mama Shiro, Chapati na Maharagwe."

Sasa wote ni buluu.

Juzijuzi kampuni moja ya simu iliupaka rangi ya chungwa, lakini angalau waliniomba, na jina wakaliacha. Hawa wapinzani wao wamekuja alfajiri kama wezi. Nimemkuta fundi juu ya ngazi akimalizia kuandika "MTANDAO WENYE KASI KULIKO YOTE."

"Kaka, nani amekuruhusu?"

"Malesh, mama, nisamehe. Ni bosi amenituma."

"Basi mpigie huyo bosi nimwambie mwenyewe!"

Akashuka, akapiga. Akainua simu juu. Akapanda ngazi tena, akajaribu kutoka huko.

"Mtandao hakuna," akasema kwa aibu.

Chini ya maandishi yake mwenyewe, jamani!

Nikampa simu yangu, yenye laini ya wale wa chungwa. Nayo haikushika.

Kuta zetu wanazigombania, minara hawajengi. Hata haya naandika kwa waifai ya hoteli jirani.

Kwenu mmepakwa rangi gani, na simu inashika?

Mimi nikiandika chapati ukutani, ukiingia unazikuta.