Mti Uliomwangusha Mzee wa Roret

Nimeuona mfupa wa mtu aliye hai, wasomaji wangu, na mpaka sasa mwili unanisisimka!

Nilikuwa hospitali ya shamba moja la chai huku Kericho, nikingoja dawa ya malaria, wakati mzee mmoja wa Roret alipotoka chumba cha mashine mpya inayopiga picha za mifupa. Miaka mingi ameumwa nyonga upande wa nje, hata hawezi kuulalia. Amemwambia kila mganga kwamba alianguka mtini akirina asali, na mkewe amemsugua kwa samli mpaka amechoka.

Daktari aliinua picha dirishani. Tulisukumana kuitazama. Nyonga na paja, vyote vyeupe kama maziwa!

"Mfupa mzuri," akasema daktari. "Lakini hii nini?"

Kando ya mfupa, ndani ya nyama, kiling'aa kichwa cha mshale, na ncha yake.

Mkewe alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa picha. Kisha akamgeukia mumewe, mikono kiunoni.

"Mzee, hiyo mti ilikuwa na upinde?"

Mzee akatazama dari. "Mama, karibu na hiyo mti kulikuwa na ng'ombe za watu."

Tulicheka benchi zima. Daktari amesema chuma kitatolewa na maumivu yatakwisha. Mashine ya ajabu! Lakini wazee wawili waliokuwa wakingoja zamu, nao na nyonga zao za siku nyingi, waligundua ghafla kwamba wamepona, wakaenda zao.