Kemuma na Seva Iliyoshika Sabato

Saa tisa alasiri, Ijumaa, Kemuma Nyakundi anabembeleza kompyuta isiyo na kioo. Iko chini ya meza, feni yake ya pili imefungwa kwa waya, na inanguruma tangu asubuhi. "Soma cheti kipya, mama," anaiambia, huku vidole vikikimbia juu ya kibodi ya laptopu.

Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo hapa Masimba. Humo, mwanamke huyu wa miaka 34 anaendesha posta ya baruapepe ya wateja kumi na mmoja: shule, zahanati, wauza ndizi na wafanyabiashara wa mjini Kisii. Kila mmoja humlipa shilingi 2,500 kwa mwezi, na barua zao hukaa hapa hapa, si kwenye mitambo ya ng'ambo.

Kazi kubwa, anaeleza, ni kufuli. Barua isiyofungwa hupita mtandaoni wazi kama kadi ya posta, na kila mwenye mkono mrefu anaweza kuisoma. Ndiyo maana seva yake, ile kompyuta ya chini ya meza, haimpi mtu barua kabla simu yake na seva hazijakubaliana siri ya kuifungia. Na ili simu iamini imefika kwa Kemuma, si kwa tapeli, seva huonyesha cheti. Hutolewa bure, ila hufa baada ya siku tisini.

Hapo ndipo alipojikwaa.

Kemuma ni Msabato aliyelelewa Manga. Jua la Ijumaa likizama, anazima simu. Alipoiweka seva aliona si haki yeye apumzike na mashine itumike, akaiamuru isibadilishe chochote kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi jioni. Tena alikuwa na ubahili wa ajabu: cheti cha bure kabisa, yeye alitaka kitumike hadi siku ya mwisho.

Miezi miwili iliyopita, siku ya mwisho ikaangukia Sabato.

Siku hiyo Farhiya Abdirashid, muuza sare za shule mjini Kisii, alitakiwa kutuma bei za sare mia tatu kwa shule moja kabla ya saa sita mchana. Simu yake ikakataa katakata kufungua sanduku la barua, ikidai cheti kimekwisha muda. Alimpigia Kemuma hadi akachoka. Mwishowe akachukua boda hadi Manga, akamkuta kanisani.

"Nilimwona pale mbele anaimba kwaya kwa raha zake, nikajua hana habari," anasimulia Farhiya. "Nilikuwa nimejaa hasira. Lakini mama yake akaniletea uji na ndizi, sasa utagombana vipi na mdomo umejaa?"

Oda ikaenda kwa mwingine. Kemuma alilia, na haoni haya kulisema. Farhiya alimwambia kwa upole kwamba atahamia kampuni ya nje, na wateja wanne aliowaleta yeye wangemfuata. Baada ya kubembelezwa sana akatoa nafasi moja: cheti kibadilike Sabato bila Kemuma kugusa kitu, na barua zifunguke. La sivyo, kwaheri.

Swali la kama mashine ifanye kazi Sabato lilimalizwa na mama yake, Tryphosa, akiwa zizini. "Kwani ng'ombe yetu haitoi maziwa Sabato?" aliuliza, akaendelea kukamua.

Kwa hivyo leo amefuta amri ile ya zamani. Cheti sasa kitabadilishwa mwezi mzima kabla ya kufa, kisha programu ya barua iambiwe ikisome, maana isipoambiwa huendelea kung'ang'ania kile cha zamani. Kuiambia huko ndiko kumemtoa jasho. Imegoma mara mbili.

Mara ya tatu, saa kumi na dakika tano, tarehe mpya ya cheti cha majaribio inatokea. Kemuma anacheka, anapiga makofi, anamwita Machogu wa duka la chini aje aone. Machogu anapanda, haelewi chochote, naye anapiga makofi.

Anapanga badiliko lenyewe lifanyike Jumamosi saa tatu asubuhi, makusudi kabisa. Kisha anazima simu na kwenda Manga.

Jumapili asubuhi anamkuta Farhiya ameketi kwenye ngazi za ofisi, uso wake hausomeki. Farhiya anamwonyesha simu yake: cheti kilibadilika jana saa tatu na dakika moja, na tangu hapo barua kumi na nne zimeingia na kutoka.

"Mama Uzair, kwa hivyo hauhami?" anauliza Kemuma, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Nihame niende wapi?"

Wanakumbatiana pale pale ngazini, na Kemuma analia tena, safari hii kwa furaha.

Mwaka ujao anataka kufungua darasa dogo Ekerenyo, awafundishe wasichana kuendesha seva na kuzifunga barua za watu barabara. Anapolitaja, Farhiya anamkatiza.

"Mimi uniandike wa kwanza, dada," anasema. "Jumamosi ukiwa kanisani nitaishika seva mimi, na Ijumaa saa za swala utaishika wewe."

Kemuma anafungua daftari jipya na kuliandika jina la Farhiya.