Nilipika Kwenye Kilio cha Mume Wangu

Ukiniona leo sokoni Kolwezi nikivuta mguu wa kushoto, usinihurumie. Miezi michache iliyopita mguu huu ulikuwa kuni tu. Naitwa Odile, nauza unga wa mahindi, na nina binti mmoja, Mireille, wa miaka kumi na moja.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minane. Baada ya mazishi mama mdogo alinichukua kwake, karibu na machimbo ya Mashamba, na siku ya nne nilikuwa tayari ndani ya maji, nikiosha mawe ya shaba pamoja na wanawake. Asiyeosha hakula. Nikishikwa na homa, nilinawa uso kwa maji baridi ili mama mdogo asijue. Wanawake walinisifu kwamba sikuwa nikilialia kama watoto wengine. Nilikua na sifa hiyo, na nisifiche, niliipenda sana.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alipata ajali barabara ya Lubudi, akafia hapohapo. Ndugu walijaa uani kwa kilio. Kwetu mjane hukaa chini kwenye mkeka, wengine wanapika. Mimi niliinuka, nikawasha makala kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, nikaanza kusonga bukari, ugali wa wageni. Dada mkubwa wa marehemu alinishika mkono.

“Mama Mireille, ikala. Weye njo mufiwa, bengine batapika.”

Nilimwambia nimezoea. Nilipika siku zote tatu bila chozi, na Mireille alikuwa pembeni akinipa maji, naye macho makavu. Watu walisema mtoto amefuata mama. Nilifurahi kusikia hivyo, Mungu anisamehe.

Kisha mwili ukaanza kunidai. Kisogo kiligonga tangu asubuhi, moyo ulikwenda mbio hata nimekaa, chakula kilikwama kooni. Muuguzi alinipima tansio, yaani presha ya damu, akashtuka, akanipa vidonge. Nilivimeza siku mbili, nikaviweka kabatini. Niliona aibu kuugua kwa sababu ya huzuni, mimi niliyepita mambo makubwa zaidi nikiwa mtoto.

Siku moja nikipima unga, kopo lilinitoka mkono wa kushoto. Vidole vilikuwa na ganzi. Nilikunja mkono ndani ya kitenge nikaendelea kupima kwa mkono mmoja, na siku iliyofuata vilevile. Asubuhi ya tatu nilianguka mlangoni pa choo. Mdomo ulikwenda upande, mate yalitiririka, mkojo ukanitoka. Nilitaka kumwita Mireille, ikatoka sauti isiyo na maneno. Alikuja, akanifuta, akanibadilisha nguo, akamkimbilia jirani mwenye pikipiki. Hakulia hata kidogo. Pale chini niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu, kwa maana nilijua mtoto anayeachwa hivyo anakwenda kuishi vipi.

Hospitalini daktari aliinua mkono wangu, ukaanguka.

“Mama, huu mukono umekufa tangu lini?”

Nilijikakamua nikasema leo. Mireille akanikatiza.

“Ni siku tatu, dokta. Alikuwa anauficha mu kitenge.”

Kumbe alikuwa ameona kila kitu, akanyamaza kama mimi.

Siku chache baadaye, ulimi uliponifunguka, daktari aliniuliza nani alinifundisha kuficha ugonjwa. Nikamsimulia yale mawe. Aliniambia kwamba kujikaza kule kulinilisha nikiwa mtoto, ila sasa nilikuwa mtu mzima mwenye ndugu na dawa, na nilikuwa bado najificha kama vile mama mdogo angeninyima chakula. Maneno hayo yaliniuma kuliko sindano.

Lakini sitasingizia utoto wangu kila kitu. Ukaidi uleule ndio ulionisimamisha. Niliokota punje za mahindi kwa vidole vilivyokufa, moja moja, asubuhi nzima. Nilitembea nimeshika ukuta, nikaanguka, nikarudi ukutani. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, na wifi yangu aliyeniogesha bila kunikumbusha alichoniambia siku ya kilio. Wewe mwenye tansio, meza dawa zako. Na ukifiwa, usimsifu mtoto wako kwa kutolia. Muulize.

Mimi nilichelewa kumuuliza wangu. Alasiri moja, miezi saba baada ya mazishi, nilijaribu kuepua sufuria kwa mikono miwili, bukari yote ikamwagika. Nilikaa sakafuni, nikasema kwa sauti kwamba nimechoka na kwamba namkosa baba yake. Machozi yakaja. Mireille alisimama akinitazama.

“Mama, na mi naweza kulia?”

Nilimvuta kwa mkono mzima. Tulilia mpaka majirani wakaja mbio, wakasimama mlangoni wakiuliza nani amekufa.

Niliwajibu, “Bwana yangu.”